Mtafiti akinukuliwa sana, tumwamini?

Barua za wiki hii nyingi zimetoka kwa wanafunzi wanaoandika tasnifu za saikolojia jamii.

Shikamoo mwalimu. Msimamizi wangu anataka niwataje watafiti wenye "h" kubwa. Hiyo h ni nini?

Marahaba. Ni kipimo cha makala ngapi za mtafiti zimenukuliwa na wengine angalau mara sawa na idadi yake. Alikibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Panga makala za mtafiti kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme ya kwanza imenukuliwa mara 40, ya pili 12, ya tatu 9, ya nne 5, ya tano 2. Makala nne zimefikisha angalau mara nne kila moja, lakini ya tano haikufikisha tano. Basi h yake ni 4. Hata ile ya kwanza ikinukuliwa mara 10,000, h itabaki palepale. Tena haipungui kwa umri, kwa hiyo usimpime mhadhiri kijana kwa kipimo cha mzee aliyestaafu.

Kila tasnifu ninayofungua ina Baron na Kenny, 1986. Waligundua nini?

Hawakugundua tabia yoyote ya binadamu. Reuben Baron na David Kenny walifafanua kazi mbili za vigeu, yaani mambo yanayopimwa katika utafiti, ambazo watu walikuwa wakizichanganya. Ukisema malezi makali humtia mtoto hofu, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya atoroke shule, hofu ni kigeu cha kati: athari inapita humo. Ukisema malezi hayo huwatorosha wavulana kuliko wasichana, jinsia ni kigeu kinachoongeza au kupunguza nguvu ya athari.

Hiyo ni zana, na zana huazimwa na kila mtu: wauguzi, walimu, watu wa biashara. Ndiyo maana kwenye Google Scholar, mtandao wa kutafuta makala za kitaaluma, imevuka marejeleo 100,000. Ila wanatakwimu wa leo hawazifuati tena hatua zake zote za kupima kigeu cha kati, kwa hiyo kabla ya kuinakili kutoka tasnifu ya mwenzako, isome yenyewe.

Makala ikinukuliwa sana na wasomi, si imeshathibitishwa?

Hapana, na hili naomba mlishike. Diederik Stapel alikuwa profesa wa saikolojia jamii na mkuu wa kitivo Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi. Makala zake zilikuwa nyingi, zinanukuliwa, zinatangazwa magazetini. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapa utafiti wake uliodai kwamba kituo cha treni cha Utrecht kilipojaa taka, abiria weupe walikaa mbali zaidi na mtu mweusi. Data hiyo ilikuwa ya kubuni. Alikuwa akiandaa hojaji na wanafunzi wake vizuri kabisa, anasema anazipeleka shuleni mwenyewe, kisha anarudi na majedwali aliyoyatunga.

Waliomfichua mwaka huohuo ni watafiti vijana watatu. Uchunguzi uliokamilika 2012 ulikuta udanganyifu katika machapisho 55, na data zake za uongo zikiwa ndani ya tasnifu 10 za uzamivu za wanafunzi wake. Hao ndio wanaoniuma. Walimwamini msimamizi wao kama wewe unavyomwamini wako.

Hata pasipo uongo, mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Karibu zote za awali zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani si rahisi kuyaita bahati tu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu. Kwa zile za saikolojia jamii, zilizofaulu hivyo zilikuwa kama robo tu. Kunukuliwa kunakuonyesha kazi imetumika kiasi gani. Ukweli wake utautafuta kwenye sampuli, kwenye data zilizowekwa wazi, na kwa waliorudia.

Profesa mmoja ana namba kubwa Google Scholar na ndogo Scopus. Ipi ya kweli?

Zote. Scopus ni hifadhidata inayohesabu marejeleo kutoka machapisho iliyoyachagua. Google Scholar inazoa pia tasnifu na ripoti. Taja chanzo na tarehe uliyotazama.

Nina makala moja tu. Imenukuliwa mara mbili, na mara moja nimejinukuu mwenyewe. Niendelee kweli?

Endelea, mwanangu. Fungua hiyo ya pili, tafuta ukurasa uliotajwa jina lako. Kama umetajwa kwenye mabano pamoja na wengine saba, sawa. Lakini kama mwandishi ametumia hojaji yako kwa watu wengine, mwandikie barua pepe leo umuulize amepata nini, na kama majibu yake yanapingana na yako.