Usiliache jukwaa kamera inapokuita

Wiki mbili zilizopita alinijia nyumbani hapa Kisumu binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, akiwa ameandamana na mamake, akaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: afanye nini ili aonekane kwenye runinga? Mamake naye alikuwa na swali lake, ambalo alilihifadhi hadi binti alipotoka nje kupokea simu, ndipo akanisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hii kazi inalisha kweli?" Siku hiyo nilimjibu kila mmoja kwa maneno machache, lakini walipoondoka niligundua kwamba maswali yao yana jibu moja, nami nimeona heri niliandike kwa ukamilifu kwa faida ya mabinti wengine na mama zao. Nimeigiza kwa miaka 19, jukwaani na mbele ya kamera, na ninaamini kwa dhati kwamba mwigizaji anayeishi nje ya Nairobi hujengwa na jukwaa na hulishwa na jukwaa. Kamera humchukua jinsi ilivyomkuta.

Nilizaliwa Luanda, kaunti ya Vihiga, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, na kama waigizaji wengi wa nchi hii nililelewa na tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, ambalo limekuwepo tangu mwaka 1959 na ambalo huwapandisha wanafunzi ngazi kwa ngazi, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha eneo, kisha taifa. Nilipokuwa kidato cha pili nilipewa nafasi ya bibi kizee asiyesema neno lolote, ambaye huketi kando ya jiko tangu mchezo unapoanza hadi unapokwisha. Nililia, kwa kuwa wenzangu walikuwa na mazungumzo marefu na mimi sikuwa na hata salamu. Mwalimu wetu aliniita kando akaniambia, "Wewe ndiwe utakayewaonyesha watazamaji mahali pa kutazama. Anayezungumza, msikilize kana kwamba hujawahi kuyasikia hayo." Nilimsikiliza kila mhusika kwa wiki saba za mazoezi. Tangu wakati huo, tunapowasaili vijana wanaotaka kujiunga na kikundi chetu, simtazami sana anayesema, bali yule anayengoja zamu yake. Anayengoja huku akiyarudia maneno yake moyoni bado hajaanza kuigiza.

Baada ya shule, mwalimu wangu wa pili alikuwa tamthilia teule. Kila mwaka vikundi vya uigizaji huzunguka katika shule za upili vikiigiza tamthilia iliyoteuliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, na kwa mwigizaji wa Kisumu, Kakamega au Nakuru hicho ndicho kilimo chake. Tunaondoka alfajiri tumebanana kwenye matatu, maleba yakiwa kwenye magunia, tunaigiza asubuhi katika shule moja na alasiri katika nyingine, na jukwaa letu mara nyingi ni meza za bwalo zilizofungwa pamoja kwa kamba. Mbele yako wameketi wanafunzi 600 au 700 walioisoma tamthilia hiyo mara tatu, na ukiruka mstari mmoja utausikia mnong'ono ukianzia safu ya mbele na kuenea hadi mlangoni, kwa sababu mstari huo wanaujua.

Siku moja tukiwa katika shule moja ya kaunti ya Siaya, mvua kubwa ilianza kupiga bati katikati ya mchezo, stima zikapotea, na vipaza sauti vikanyamaza. Nilikuwa peke yangu jukwaani na nilikuwa nimebakisha hotuba ya karibu dakika nne. Ningepiga kelele, sauti ingekwisha kabla sijafika nusu. Nilichofanya ni kusogea ukingoni mwa meza, kushusha pumzi hadi tumboni, kupunguza kasi, na kuyauma maneno moja moja ili kila silabi ifike ikiwa nzima. Wanafunzi wa nyuma walinyanyua viti vyao juu ya vichwa wakasogea mbele kimyakimya, gizani, hadi wakanizunguka pande tatu, na nilipomaliza nilikuwa ninazungumza kwa sauti ya kawaida. Hakuna seti ya filamu itakayokufundisha jambo hilo, kwa kuwa kwenye seti fundi wa sauti atakufungia kinasa ndani ya blauzi na mvua ikinyesha kazi itasimamishwa.

Nitaje lafudhi, maana mabinti wa kwetu huionea haya. Mtu aliyelelewa katika Kinyore, Kibukusu au Kijaluo huja na muziki wa lugha yake katika Kiswahili, na wapo watakaokuambia uufute. Usiufute; jifunze kuuvua na kuuvaa, kama leba nyingine yoyote. Benson Wanjau, ambaye Kenya nzima ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang' katika kipindi cha vichekesho cha runinga kiitwacho Vitimbi hadi alipofariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na bado lafudhi yake ya Kijaluo iliwafanya watu wengi wa huku kwetu wamwone kuwa mzee wa boma la jirani. Lafudhi ya namna hiyo hutokana na kusikiliza kwa miaka. Mimi hufanya zoezi hilo katika stendi ya magari: huketi nikiwasikiliza makondakta na abiria kwa nusu saa, kisha huyarudia nyumbani niliyoyasikia, pumzi na vituo vikiwa palepale vilipokuwa.

Kamera ilinikuta nikiwa na miaka minane ya mabwalo. Siku yangu ya kwanza ya kurekodi ilikuwa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, katika kipindi cha runinga ambamo nilikuwa muuza samaki anayeletewa habari kwamba mashua ya mumewe haijarudi. Nilipopewa habari hiyo nilitoa macho, nikainua mikono, nikavuta pumzi ambayo ingesikika hadi jikoni mwa shule. Mwelekezi alisimamisha kazi akanionyesha kwenye skrini ndogo jinsi uso wangu ulivyojaza picha nzima, kisha akaweka kiganja chake hatua moja kutoka puani mwangu na kusema kwa upole, "Mama, mtazamaji yuko hapa."

Nililoliokota siku hiyo nililipata kwa samaki. Kwa asubuhi nne kabla ya kurekodi nilikuwa nimeketi na mama mmoja wa Dunga aliyekubali kunifundisha kupaa samaki. Alinionyesha jinsi ya kumshika ngege kwa kidole gumba ndani ya shavu, jinsi ya kupeleka kisu kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume cha magamba, na jinsi ya kuyafuta yaliyoganda kwenye kifundo cha mkono bila kuangalia. Tuliporudia tukio, niliacha kufikiria uso wangu. Niliendelea kupaa, habari ikaja, kisu kikapunguza mwendo, kikasimama katikati ya samaki. Sikufanya jambo jingine, na picha hiyo ndiyo iliyotumika. Mdogo wangu, ukitoka jukwaani kwenda mbele ya kamera usimpunguze mhusika, punguza ishara tu. Kila alichokifahamu mwili wako jukwaani kiache kifanye kazi chini kwa chini, na mikono yako ipe shughuli ya kweli ambayo mhusika angeifanya hata kama hakuna anayemtazama.

Tofauti nyingine ambayo huwatatiza wengi ni mpangilio. Jukwaani hadithi huanza mwanzoni na hisia hukua zenyewe, lakini filamu hurekodiwa kwa kufuata mahali, mwanga na ratiba ya watu, kiasi kwamba unaweza kuomboleza Jumatatu kifo cha mume ambaye utaolewa naye Alhamisi. Mimi hutumia daftari la kurasa 32, na kwa kila tukio huandika mambo matatu: nimetoka wapi, ninataka nini kwa mtu huyu, na sijui nini bado. Hilo la tatu ndilo muhimu, kwa sababu ni rahisi mwigizaji kubeba usoni huzuni ambayo mhusika hajaifikia. Huandika pia nilishika kikombe kwa mkono gani na kitambaa changu kilikuwa kimefungwa vipi, kwa sababu tukio moja litarudiwa kutoka pembe kadhaa na mhariri atahitaji zilingane.

Mabinti wengi hunitajia Lupita Nyong'o, na ni haki yao, kwa kuwa asili ya familia yake ni kaunti yetu ya Kisumu. Ningependa wamtazame kwa makini zaidi. Kabla ya Oscar aliyoshinda mwaka 2014 aliigiza Juliet jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 14 na kikundi cha Phoenix Players, akafanya kazi nyuma ya kamera kama msaidizi, akaigiza katika runinga ya hapa nyumbani, kisha akasomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale hadi mwaka 2012. Na baada ya Oscar, wakati ambapo angeweza kuchagua filamu moja baada ya nyingine, alirudi jukwaani jijini New York mwaka 2015 katika tamthilia kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia, akaendelea nayo Broadway mwaka uliofuata na kuteuliwa kuwania tuzo ya Tony. Sehemu hiyo ya historia yake haitajwi sana huku kwetu, nami naona inafaa kutajwa kila mara jina lake linapotajwa.

Sasa nimgeukie mama aliyeniuliza kuhusu chakula. Ndiyo, inalisha, lakini hulisha kama shamba lenye mimea mchanganyiko. Muhula wa kwanza mimi huzifunza shule uigizaji kwa ajili ya tamasha, ambalo fainali zake za kitaifa kwa kawaida huwa wakati wa likizo ya Aprili; tamthilia teule hunishika hadi shule zinapojifungia kujiandaa kwa mtihani; miezi inayobaki huwa ya kurekodi sauti za matangazo ya redio, ya maonyesho ya jioni Kisumu au katika ukumbi wa Nakuru Players, na ya runinga ikiwa imekuja. Kuna miaka ambayo runinga haikuja kabisa, na watoto wangu walienda shule.

Kilichonigharimu zaidi ni karatasi, wala si ukosefu wa kazi. Mwaka wangu wa tatu wa kurekodi nilitia sahihi waraka wa nusu ukurasa ndani ya hema, nikiwa tayari nimepakwa vipodozi na watu hamsini wakinisubiri, na miaka miwili baadaye nikauona uso wangu katika tangazo la bidhaa ambayo sikuwahi kuisikia. Nilipouliza, nilisomewa mstari mmoja uliosema kwamba nimeachilia matumizi yote, popote, milele. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji kuwa na haki zake juu ya kazi aliyoiigiza, lakini ukiziachilia kwa sahihi yako utakuwa na kazi ngumu ya kuzirudisha. Omba mkataba siku mbili kabla, uusome nyumbani. Tazama kama unataja kiasi cha malipo na tarehe ya kulipwa, siku ngapi za kazi na saa ngapi kwa siku, malipo ya siku ya ziada, kazi hiyo itaonyeshwa wapi na kwa muda gani, na kama picha yako inaweza kutumiwa kwa jambo jingine. Wakikukata asilimia 5 ya kodi kwenye malipo yako, dai cheti chake, kwa sababu ndicho utakachokitumia unapowasilisha hesabu zako kwa KRA, mamlaka ya mapato. Na usisubiri ugonjwa ndipo ukumbuke SHA, mamlaka ya bima ya afya. Mwigizaji hana mwajiri wa kumlipia.

Kuhusu usaili nitasema kwa ufupi, nanyi akina mama mnisikie. Usaili hufanyika mchana, mahali pa wazi, mbele ya zaidi ya mtu mmoja, na hautozwi ada. Mtayarishaji wa kweli ana leseni ya kurekodi, kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inamtaka awe nayo, na hataudhika ukiuliza kuihusu. Nimewahi kuitwa "kusoma skripti" katika chumba cha hoteli saa tatu usiku na mtu aliyekuwa na uwezo wa kunipa nafasi niliyoitamani mno. Sikwenda, nafasi akapewa mwingine, na nilikosa pesa ambazo wakati huo nilizihitaji kwa kodi ya nyumba. Sijawahi kujuta hata siku moja.

Binti yule amekubali kuanza na sisi Jumamosi hii, saa tatu asubuhi. Nimemwambia aje na daftari, chupa ya maji na leso ya kujifunga kiunoni, na kwamba kwa mwezi wa kwanza atakuwa na nafasi ya jirani anayepita na mtungi, bila maneno. Mamake alicheka, kisha akaniuliza kama anaweza kuja naye aketi nyuma atazame. Nimemwekea kiti.