Mche uliobaki fito tupu: usiung'oe kwanza

Mkuu, umeuliza kama miche yako iliyoliwa na viwavi ikabaki fito tupu bado ina maisha, na mchangiaji mmoja keshakwambia uimwagie urea ipone haraka. Nimelea miche ya matunda na ya mbao kwa muda mrefu. Usiing'oe, na hiyo urea iweke kando kwanza.

Anza kwa kuikagua. Kwangua gamba kidogo kwa ukucha, ukianzia nchani na kushuka. Ukikuta kijani chenye unyevunyevu, hapo pazima. Ukikuta kahawia kavu, shuka tena. Kama mche umebebeshwa (yaani umeunganishwa juu ya shina la mche mwingine) na kijani kipo chini ya kiungo tu, huo umepotea hata ukichipua, maana kitakachokua ni shina la chini, si aina uliyoitaka.

Sasa mche ulio hai unafanya nini? Majani ndiyo yanayotengeneza sukari, na ziada huhifadhiwa kama wanga kwenye mizizi na shina. Majani yakiisha, mti unachota akiba hiyo kuamsha vichipukizi vilivyolala pale majani yalipokuwa yameshikia. Mti mkubwa una akiba nene. Mche hauna, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Watu wengi wakiona majani mapya wanashangilia na kuondoka. Mimi ndipo ninapozidisha macho. Jani changa ni mlaji: mpaka lifike kama theluthi au nusu ya ukubwa wake, linakula sukari nyingi kuliko linayotengeneza. Kwa hiyo mche unaoanza kuchipua upo pabaya kuliko ulivyokuwa fito, akiba imetoka na hakuna kilichorudi. Viwavi wakirudi wakati huo, miche mingi haiinuki tena. Pindua majani hayo kila siku, ponda mayai ukiyaona.

Hasara nyingine imejificha chini. Sukari ikipungua, mizizi midogo huacha kukua mapema sana, na shina nalo huacha kunenepa. Mche unaweza kurudisha kijani chote ukapendeza, halafu jua kali likija unanyauka kuliko wenzake ambao hawakuguswa. Usiupime kwa urefu. Shika shina ulinganishe unene.

Wakati nao una uzito wake. Majani yakiliwa mara tu baada ya kufunguka mwanzoni mwa msimu, pigo ni kubwa, kwa sababu akiba ndiyo kwanza imetumika kuyatoa. Kwa miti inayopukutisha yenyewe, yakiliwa karibu na wakati wa kupukutika hasara ni ndogo. Misonobari ni habari nyingine: sehemu kubwa ya akiba yake ipo kwenye majani yenyewe, na tawi lililo tupu kabisa huchipua kwa shida. Hiyo ikinyonyolewa yote sikupi matumaini. Ama yule mchangiaji mwingine aliyeingilia kati kulalamika kuwa mche wake umeliwa robo ya majani, tulia: yaliyobaki yanapata mwanga na maji zaidi, yanafanya kazi kwa bidii zaidi, na pengo halitaonekana sana.

Nakataa urea kwa sababu inausukuma mche kutoa machipukizi mengi laini kwa akiba usiyokuwa nayo, na viwavi wanapenda ulaini huo huo. Mbolea isubiri majani yakomae. Maji pia upunguze. Mche usio na majani hauvuti maji mengi, na ukimwagilia kama zamani udongo unakosa hewa, mizizi inaoza. Ingiza kidole ardhini kabla ya kushika ndoo. Palilia vizuri, weka matandazo, ila yasiguse shina. Kama jua ni kali, kivulie shina, maana gamba lililozoea kivuli cha majani linaungua.

Mkasi nao uache kwanza. Ncha ikiwa imekufa, vichipukizi kadhaa vitagombea kuwa shina kuu. Viache vyote mpaka majani yake yakomae, kisha bakiza kimoja kilichonyooka na vingine uvifupishe taratibu.