Re: Kaa wa Shanghai mwezi wa 10, nachaguaje nisipigwe?

Mkuu salama? Umesema unaenda Yiwu kufunga mzigo, unapita Shanghai siku mbili na unataka kula wale kaa wenye manyoya ila hujui dume au jike na unaogopa kuuziwa kimeo. Cha kwanza kabisa angalia kama yuko hai, wanauzwa wamefungwa kamba kwahiyo wewe mguse tu karibu na jicho, asipolirudisha ndani haraka achana naye, hata ukipewa nusu bei. Kaa aliyekufa Wachina wenyewe hawali.

Oktoba chukua jike, kifuniko cha tumboni ni cha duara, cha dume kimechongoka. Jike ndo anakuwa na yale mayai ya rangi ya machungwa, dume ananoga zaidi Novemba. Mgongo uwe wa kijani, tumbo jeupe, na umpime mkononi, akiwa mwepesi hana kitu ndani.

Ukisikia ni wa ziwa Yangcheng, lile lenye jina kubwa kwa hawa kaa, usikimbilie kulipa, ile lebo ya gandoni inafojiwa sana, mi nilishalipia lebo nikala maganda.

Wanapikwa kwa mvuke, wanakuja na siki ya tangawizi. Fungua mgongo, toa matamvua na kale kamfuko ka tumbo, hivyo haviliwi. Anza na mayai yangali moto, miguu baadaye. Nyama ni kidogo aisee, usiende na njaa ukitegemea kushiba kama kwa kaa wetu wa mikoko, agiza na wali pembeni.