Maswali na Majibu: Kupunguza Kuosha Nywele

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mingi nimekuwa nikiosha nywele kwa shampuu kila asubuhi. Nywele zangu ni za singa, nyembamba, na zinafika mgongoni, lakini ncha zake zimekauka na hukatika kila ninapozichana. Rafiki zangu wananishauri niache shampuu kwa majuma kadhaa, wakisema kwamba ngozi ya kichwa ikishazoea itapunguza mafuta yenyewe. Nilijaribu, na ilipofika siku ya pili nywele zilikuwa zimeshikana kwa mafuta, nikaona haya kutoka mbele za watu. Je, nikivumilia mafuta yatapungua kweli? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Ndugu msomaji, mafuta hayatapungua kwa sababu ya uvumilivu wako, na ni heri ulijue hilo kabla hujajitesa kwa majuma mengine. Mafuta ya kichwani hutolewa na tezi ndogo zilizoshikamana na mashina ya nywele chini ya ngozi, na zinazoziamuru tezi hizo ni homoni, hasa zile zinazopanda wakati wa kubalehe. Ndiyo maana mtoto mdogo hasumbuliwi na nywele zenye mafuta, kijana anayo tele, na mwanamke ambaye hedhi yake imekoma huanza kulalamikia ukavu. Shampuu huondoa mafuta yaliyokwisha kutoka na kutanda juu ya ngozi. Haifiki kwenye tezi, wala tezi haina njia ya kujua kwamba jana uliosha au hukuosha.

Hata hivyo, rafiki zako hawakukosea katika ushauri wenyewe, bali katika sababu walizokupa. Kupunguza kuosha kunaweza kukufaa sana, ila kinachobadilika si tezi. Mafuta yaliyokuwa yakisombwa kila asubuhi hupata muda wa kuteremka kwenye unywele, ambako yanahitajika. Mwenye nywele naye hujifunza kuzibana na kuzichana kwa namna inayoyasambaza. Na jicho huacha kutafuta ule wepesi wa nywele zilizotoka kuoshwa. Mimi nalipa jambo hili la jicho uzito mkubwa, kwa sababu kipimo chetu cha nywele safi si cha kale kama tunavyodhani. Mwaka 1908 gazeti la The New York Times liliwaambia wasomaji wake kwamba nywele zenye hali nzuri zingeweza kukaa mwezi mmoja hadi majuma sita bila kuoshwa, na shampuu za kisasa zisizotokana na sabuni zilianza kuenea katika miaka ya 1930 tu. Sikushauri ukae majuma sita. Nasema tu kwamba haya uliyoiona siku ya pili ilitokana zaidi na mazoea kuliko uchafu.

Sasa tuzitazame ncha zako, maana hapo ndipo penye hasara halisi. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai, hivyo hauwezi kujitibu unapojeruhiwa. Umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kuelekea nchani, na unapolowa hunywa maji kiasi cha karibu asilimia 30 ya uzito wake, ukavimba na magamba yake yakanyanyuka. Ukichanwa wakati huo, kitana huyakwangua. Zaidi ya hayo, unywele hurefuka kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, kwa hiyo ncha ya unywele wa sentimita 30 ina umri wa miaka miwili na nusu, na kwa mtu anayeosha kila siku imekwisha kupita kwenye povu zaidi ya mara 900. Hakuna kondishena inayoweza kufuta historia hiyo. Kata sehemu iliyochanika, kisha linda iliyobaki.

Namna ya kupunguza ni kwenda taratibu. Anza kwa kuosha siku moja na kuacha siku moja, ukae hivyo majuma mawili au matatu, ndipo uongeze siku nyingine ukiona ngozi ya kichwa imetulia. Siku ya kuosha, mimina shampuu kiganjani, ichanganye na maji kidogo, uipake kwenye ngozi ya kichwa peke yake ukisugua kwa ncha za vidole wala si kwa kucha. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kusafisha urefu uliobaki. Kondishena ifanye safari ya kinyume: ipake kuanzia katikati hadi nchani na uiepushe na mashina, kwa sababu kwenye nywele nyembamba kama zako ndiyo huzilaza mapema kuliko mafuta ya asili. Wengi wanaolalamika kwamba nywele zao hazifikishi siku ya pili wanaosha ncha na kupaka kondishena mashinani, yaani mambo yote mawili juu chini.

Siku ambayo huoshi na umetokwa na jasho, suuza kwa maji matupu. Jasho ni maji na chumvi, na chumvi huyeyuka; mafuta ndiyo yanayohitaji shampuu. Jioni, nywele zikiwa kavu, zichane kwa brashi laini kutoka shinani hadi nchani ili kuyashusha mafuta yaliyojikusanya juu. Kumbuka pia kuosha brashi yenyewe na kubadilisha foronya mara kwa mara, kwa sababu vyote viwili hurudisha mafuta ya siku zilizopita kwenye nywele ulizozisafisha. Shampuu kavu, ile ya unga au ya kupuliza, hunyonya mafuta kwa wanga uliomo ndani yake na inaweza kukuvusha siku moja, lakini haisafishi: unga na mafuta hubaki kichwani hadi uoshe kwa maji. Usishawishike kutumia soda ya kuoka badala ya shampuu, kama wengine wanavyofanya. Ngozi ya kichwa ina uasidi mdogo, pH yake (kipimo ambacho hushuka kadiri uasidi unavyozidi) ikiwa karibu 5.5, ilhali maji ya soda hiyo hupita 8, na hali hiyo huyanyanyua magamba yale yale unayojaribu kuyalinda.

Nywele za singa na nyembamba kama zako mara nyingi hutua kwenye kuosha kila baada ya siku mbili au tatu. Ukifika hapo na ukaona huwezi kwenda mbele zaidi, baki hapo hapo.

SWALI: Mimi nina nywele za kipilipili na hupenda kuzisuka. Niliposikia kwamba kuosha mara kwa mara kunazikausha, niliacha kabisa kwa zaidi ya mwezi nikiwa nimesuka. Sasa kichwa kinaniwasha na kutoa maganda meupe. Naambiwa ni ukavu, nipake mafuta kwenye ngozi, lakini kadiri ninavyopaka ndivyo maganda yanavyozidi. Nifanye nini? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Acha kupaka mafuta kwenye ngozi ya kichwa, na uoshe. Ni kweli kwamba nywele za kipilipili hazihitaji kuoshwa kila siku, kwa kuwa mafuta ya asili hupanda kwa shida kwenye mizunguko ya unywele na hayafiki nchani. Madaktari wa ngozi wa American Academy of Dermatology huwashauri wenye nywele kama zako waoshe mara moja kwa juma au kila baada ya majuma mawili. Wewe umepita kiwango hicho, na dalili unazozieleza zinafanana na mba kuliko ukavu.

Kwenye vichwa vya karibu watu wote huishi fangasi wadogo wa jamii ya hamira waitwao Malassezia. Hao hula mafuta ya ngozi na kuacha mabaki yenye asidi, ambayo kwa baadhi ya watu huchokoza ngozi, ikaanza kuwasha na kumwaga maganda kwa haraka kuliko kawaida. Mafuta yanapokaa kichwani bila kuoshwa, fangasi hao hupata chakula cha kutosha, na mafuta mengi ya mimea yana asidi zile zile wanazozipenda. Hapo ndipo ule ushauri wa kupaka mafuta unapoharibu: maganda hulowa na kulala kwa saa chache, mtu akadhani amepona, kisha hurudi yakiwa mengi zaidi. Mafuta yana kazi yake kwenye urefu wa nywele na nchani, na huko endelea kuyatumia.

Huna haja ya kufumua ili uoshe. Changanya shampuu na maji katika chupa yenye mdomo mwembamba, uelekeze kwenye mistari ya ngozi iliyo kati ya misuko, ubonyeze kwa ncha za vidole bila kuparuza, kisha suuza kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Kausha mashina vizuri, maana msuko mnene hushika unyevu. Kwa hali yako ya sasa tafuta shampuu ya mba, kwa mfano yenye ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, na uiache kichwani dakika kama 5 kabla ya kusuuza. Wengi huisuuza papo hapo na kulalamika kwamba haifanyi kazi. Ikiwa majuma manne yatapita bila nafuu, au ukiona vidonda au sehemu zisizo na nywele, nenda kwa daktari wa ngozi, kwa sababu magonjwa mengine ya ngozi kama soriasisi na mashilingi huweza kufanana na mba kwa mtu asiye mtaalamu.

SWALI: Tangu nianze kuosha mara moja kwa juma, siku ya kuosha nywele zinatoka nyingi hadi kuziba tundu la bafu. Je, nimeanza kuwa na kipara? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Yaelekea hapana. Mtu mzima hupoteza kwa kawaida nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Ulipokuwa ukiosha kila siku zilikwenda na maji kidogo kidogo bila wewe kuziona. Sasa nyingi hubaki zimenasa kati ya wenzake na kutoka zote kwa mkupuo, hasa kama nywele zako zimejikunja au hukaa zimebanwa. Kinachostahili kukupeleka kwa daktari ni kipara cha mviringo, njia ya nywele inayozidi kupanuka, au nywele zinazoendelea kutoka kwa wingi hata siku ambazo huoshi.