Taa za matangi zinanidanganya, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi fundi. Motahomu yangu, lile gari la kuishi ndani, ina matangi matatu, la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Sasa ile paneli ya taa siielewi kabisa, la choo linaonyesha robo tatu hata nikiwa nimetoka kulimwaga saa hiyohiyo, alafu la maji safi linasema nusu huku pampu inanguruma na bombani inatoka hewa. Ninunue paneli mpya?

JIBU: Salama ndugu yangu. Paneli usiiguse kwanza, manake mara nyingi yenyewe ni nzima, ugonjwa uko kwenye tangi. Sensa, yaani vihisio vya kiwango cha maji, nyingi za kiwandani ni pini za chuma zilizopenyezwa ubavuni mwa tangi, moja robo, moja nusu, moja robo tatu, na ya juu kabisa ni ya kujaa. Maji yakifika kwenye pini umeme kidogo unapita ndani ya maji na taa yake inawaka, basi. Sasa ndani ya tangi la choo karatasi na uchafu vinaganda ukutani, ule utando mbichi unaziunganisha pini na umeme unapita humo humo hata kama chini hakuna kitu. Kwenye tangi la sinki ni mafuta na sabuni ndio wanafanya hiyo kazi.

Kwa hiyo anza na kuosha. Weka maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kama nusu tangi hivi, endesha gari yasukwesukwe njiani, kamwage, rudia. Maji yanayochemka hapana, plastiki na mipira ya vali itaharibika. Na nakuomba sana vali ya choo usiiache wazi ukiwa umepaki, wengi wanafanya hivyo, maji yanakimbia yenyewe na vigumu vinabaki vinajijenga pale chini mpaka vinakuwa kama udongo uliokauka. Ifunge, subiri lifike theluthi mbili hivi ndio umwage, fuatisha na maji ya sinki yasafishe mpira wa kumwagia, alafu rudisha lita chache za maji ndani kabla hujaanza kulitumia tena.

Hilo la maji safi ni jambo lingine. Angalia gari limekaa sawa? Likiinama maji yanakimbilia upande mmoja, sensa inayaona lakini mdomo wa pampu uko upande mwingine unavuta hewa. Kama limenyooka na tangi kweli lina maji, kagua kile kichujio kabla ya pampu, kikilegea kidogo tu hewa inaingia hapo.

Alafu kitu ambacho mimi nakiona cha maana kuliko vifaa vyote: lipime tangi lako mwenyewe. Limwage lote, jaza kwa ndoo unayojua lita zake, na kila taa inapowaka andika ni lita ngapi, manake matangi mengi hayana umbo la boksi, kwa hiyo nusu ya urefu sio nusu ya maji. Na kwa taa nne tu, tangi la lita 100 likionyesha robo unaweza kuwa na lita 26 au 49, taa haijui tofauti. Ukijua lita unajua na uzito, kila lita ni kilo moja.

Ukiosha na bado inadanganya, weka sensa za kubandika nje ya tangi, ni vipande vya foili vinavyohisi maji kupitia plastiki na vinasoma kwa asilimia. Hazigusi uchafu, ingawa utando mnene sana ndani bado unaweza kuzisumbua. Hazifai tangi la chuma, na zikae mbali na fremu. Sensa ya boya ni nzuri kwa maji safi ila chooni itakwama, na ukiinunua hakikisha omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinaendana na geji, kuna za 240 hadi 33 na kuna za 0 hadi 190, ukichanganya itasoma upuuzi.

SWALI: Choo changu ni cha kaseti, kile chenye tangi dogo la kuchomoa, taa nyekundu ikiwaka nina muda gani?

JIBU: Mdogo, zimebaki lita chache tu, kamwage mapema. Ikibaki inawaka baada ya kumwaga, boya la ndani limekwama, suuza kaseti vizuri mpaka lishuke.