Nyuzi zinafumwa, zinasokotwa au "zinaathiriwa"?

Kuna kijana wa Kigoma yuko chuo, anaandika ripoti ya zile nyuzi nyembamba za polima (plastiki na jamii yake) zinazotengenezwa kwa umeme, anauliza aandike zinafumwa au zinasokotwa, na sentensi yake kanitumia: "Volteji, unyevu na umbali huathiri ufumaji wa nyuzi."

Kufuma futa. Unafuma kitambaa, na uzi lazima uwepo kwanza. Kusokota angalau kuna uzi unazaliwa, ingawa hapa hakuna anayesokotea kitu pajani, ni umeme wa kilovolti 10 mpaka 30 hivi unavuta tone la polima iliyoyeyushwa kwenye ncha ya sindano, tone linachongoka, linachomoka uzi hata wa chini ya mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Andika kusokota kwa umeme tuendelee, maana mi shida yangu iko kwenye hiyo "huathiri".

Jamani hiki kitenzi! Asili yake Kiarabu, athari ni alama inayobaki, kamusi haina kosa. Ila huku mtaani ukisema fulani kaathirika watu wanauliza kalazwa wapi. Mafuriko yanaathiri, ukame unaathiri tumbaku ya watu hapa Tabora, sasa volteji imewakosea nini nyuzi?

Na hata ukinishinda kwenye maana bado hujaniambia kitu. Unyevu huathiri nyuzi, enhe, unazifanyaje? Maana polima ikiyeyushwa kwa maji halafu hewa ina unyevu mwingi, maji hayakauki njiani, nyuzi zinafika bado mbichi zinagandana kwenye bamba la kuzipokelea. Ila polistirini, aina ya plastiki, iliyoyeyushwa kwenye kimiminika kinachokauka haraka, unyevu huohuo unaitoboa vitundu vitundu. We yote hayo umeyafunika na neno moja! Sema zinagandana. Sema zinatoboka. Mchanganyiko ukiwa mwepesi mno uzi unatoka na vinundu kama shanga, sema unatoka na shanga, ukiwa mzito kama asali ya asubuhi ya baridi unaziba sindano, basi sema unaziba, bamba likisogezwa karibu mno uzi haupati muda wa kukauka, sema hivyohivyo. Vitenzi vyote hivyo vimekaa tu havina kazi, na huyo mmoja ndo anatumwa kila siku.

Najua msimamizi wako atasema huathiri ndo lugha ya kitaalamu. Haya, mwachie kwenye kichwa cha ripoti, kichwa nakisamehe, ila nikiikuta tena kwenye matokeo nitakudai majina ya waathirika.