Bwana Mdogo, Ngoja Maji

Wiki iliyopita kijana mmoja kanitumia ujumbe. "Kaka, nimenunua boti ya faiba futi 28, mashine farasi 40. Nahodha niliyemweka ni mtu mzima, na kila safari ananiambia tungoje maji yajae. Wateja wanaondoka na boti za wenzangu. Nimbadilishe?"

Nilianza kumjibu kwa neno moja, usimbadilishe, nikaona halitatosha. Nimekuwa kama yeye. Tena mimi nilikuwa mbaya zaidi, maana mzee wangu hakuwa wa kuajiriwa. Alikuwa ami yangu, ndugu yake baba, aliyeniingiza baharini nikiwa sijabalehe, na nilimnyamazisha mbele ya abiria. Najua wengi mnaonisoma mnataka chombo chenu, jina limechorwa ubavuni, picha mmeshika usukani. Nami nilikuwa nayo yote hayo. Basi someni.

Ilikuwa 2016, msimu wa kusi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Familia moja kutoka Dar ilikuja Tanga kwa harusi, wakataka picha za bibi harusi juu ya fungu, mchanga unaoibuka baharini maji yakishuka, jua likichomoza, kusini huko upande wa Tongoni. Watu 11: bibi harusi, shangazi yake, mashoga, mpiga picha, kaka wawili, na mtoto wa miaka tisa ambaye hakuna aliyeniambia anakuja. Bei tulishaelewana na nilishaila nusu. Walitaka kurudi mapema wawahi basi la saa 4 asubuhi.

Picha zilikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Kwenye simu ninazo hadi leo.

Wakati wa kurudi kuna njia mbili. Ya nje ya kisiwa ina kina lakini inaongeza nusu saa na inawapiga watu maji ya chumvi. Ya ndani ni fupi, tulivu, na inapitika maji yakiwa juu. Maji siku ile yalijaa saa 10 alfajiri, na yangemaliza kukupwa, yaani kushuka, saa 4 na dakika kumi. Sisi tuliondoka fungu saa 1 na robo. Ami alisema, "Pita nje." Shangazi mtu akatazama saa yake. Mpiga picha akauliza kama kwa ndani mikoko itaonekana vizuri. Nikageuza usukani ndani.

Ami alikuwa mbele na upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina na kusukumia chombo. Nikamsikia: "Umegusa." Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Ami, njia hii naijua toka utoto." Aliulaza upondo ndani ya boti, akakaa, akakaza kikoi chake. Hakusema neno jingine.

Nikaona rangi ya maji mbele imegeuka kuwa ya chai ya maziwa. Hapo nikafanya kosa ambalo kila mwenye boti ya mashine atalifanya siku moja kama hajafundishwa: nikapunguza moto wa mashine ghafla. Boti ikikimbia inainuka, inateleza juu juu. Ukipunguza moto inakaa kitako, tezi, yaani nyuma yake, inashuka, na mkia wa mashine unashuka nao. Kishindo hakikuwa kikubwa. Kama kuketi kwenye godoro. Saa 1 na nusu kamili tulikuwa tumepwelewa, tumekaa juu ya mchanga na maji yanatukimbia.

Sasa sikilizeni hesabu, kwa sababu ndiyo iliyoniumbua. Kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likiwa kubwa, tofauti ya maji kujaa na kukupwa inakaribia mita 4. Lakini maji hayashuki sawasawa kwa saa zote sita. Gawa sehemu 12: saa ya kwanza inakwenda moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Sisi tulikwama katikati ya saa ya nne, ambapo maji yanashuka karibu mita nzima kwa saa. Yaani dakika 10 za kubishana ni zaidi ya inchi sita.

Tulibishana dakika 15.

Nilichotakiwa kufanya kinajulikana na mvuvi yeyote wa ngalawa. Zima mashine, inua mkia, washushe wenye nguvu palepale kwenye mchanga, sukuma kurudi nyuma ulikotoka. Kule mbele hukujui, nyuma umekujia mwenyewe ukielea. Badala yake niliongeza moto. Mashine ikavuta mchanga, ikaacha kutema maji, ikaanza kunuka. Ndipo nikaruka chini. Nahodha, mtu wa kwanza kutoka chomboni, na sijamwambia abiria hata mmoja afanye nini. Kina dada wanashika madera yao, bibi harusi analia wanja, kaka mmoja anapiga simu polisi wa barabarani, sijui kwa nini.

Maji yakaondoka. Boti ya chini ya V haikai wima mchanga ukiwa mkavu, inalala ubavu. Ami ndiye aliyeinuka bila kuitwa, akachukua upondo na makasia mawili akaigadimu, yaani akaiegemeza isilale, gadi mbili kulia, moja kushoto, akachimbia kila moja kipande cha ubao chini isizame. Kisha akaibeba nanga begani, akatembea nayo hadi ukingo wa mkondo, akaizika huko na kamba akairudisha kwetu, ili maji yakirudi tujivute kwenye kilindi na mawimbi yasitusukume juu zaidi. Haya yote kwa kimya. Ile kimya yake bado inaniuma kuliko matusi ya wateja.

Kama saa 3 hivi, jua linaanza kuwaka, maji ya kunywa chupa sita kwa watu 13, nikajaribu kuchangamsha baraza. Nikawaambia hapa si mahali pa aibu. Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alipita humuhumu, na moja ya meli zake, São Rafael, ilipanda fungu, maji yakaikimbia ikabaki kavu, hadi yalipojaa tena ndipo ikaelea. Januari 1499 wakirudi kutoka India, mabaharia wamepungua kwa maradhi, meli hiyohiyo wakaichoma moto pwani hii hii, watu hawakutosha kuiendesha. Wareno wakayaita mafungu yale kwa jina la meli. Niliona nimezungumza vizuri.

Shangazi mtu akaniangalia. "Yule Mreno alikuwa mgeni, mwanangu. Wewe?"

Sikujibu. Nikaenda kufungua pampu ya mashine iliyojaa mchanga.

Jambo lililokaribia kutuua halikuwa kukwama. Weka hili kichwani, maana watu wakisikia ajali ya chombo wanafikiria kuzama tu. Fungu likiwa kavu linaonekana kama uwanja, na abiria waliochoka watatembea. Yule mtoto na kaka mmoja walikwenda kuokota kombe, mbali, upande wa pili. Maji yakirudi hayaji kwa mbele ukayaona. Yanaingia kwanza kwenye mikondo, nyuma yako. Saa 5 na nusu Ami akasimama, akatazama mara moja, akachomoa upondo kwenye gadi akakimbia, mtu wa miaka zaidi ya 60. Kati yetu na wale wawili palikuwa tayari na mkondo wa maji ya kifua, unavuta. Alivuka akiburuza miguu asije akakanyaga taa, yule samaki mwenye mwiba, akampandisha mtoto shingoni, yule kaka akashikilia upondo. Majaketi ya kuokolea yalikuwepo. Yalikuwa chini ya sanduku la soda, yamefungwa kamba, kwa sababu yalikuwa yanaharibu picha.

Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi.

Boti ilielea saa 7 kasoro dakika kumi, kama hesabu ilivyotaka: saa 2 na dakika 40 kabla ya maji kuisha, saa 2 na dakika 40 baada ya kuanza kujaa. Kabla haijaelea Ami alipapasa chini yote kwa mkono kutafuta ufa. Kama tungekuwa tumepanda mwamba na siyo mchanga angetuzuia tusijivute kabisa mpaka tujue, maana mwamba unaweza kuwa ndio kizibo cha tundu lenyewe. Tulirudi kwa makasia na tanga la turubai. Basi lilishafika Chalinze.

Nilirudisha nauli yote. Fundi wa pampu na panga la mashine alichukua laki nne na nusu. Hoteli moja iliyokuwa ikinipa wageni ikaacha kupokea simu yangu, na vijana wa gatini wakanipa jina la Nahodha Fungu, ambalo miaka hii yote bado nalisikia nikipita kwenye vibanda vya chai. Wanaoniita hivyo wawili nimewavuta mimi mwenyewe kutoka kwenye fungu lilelile, bure, mafuta yangu.

Kwa hiyo, bwana mdogo, unaposema mzee wako anakukosesha wateja, hebu kaa chini. Nani alikwambia bahari inafuata ratiba ya basi? Januari 13, 2012, kule Italia, Costa Concordia, meli yenye watu zaidi ya 4,000, ilisogezwa karibu na kisiwa cha Giglio ili kuwasalimia tu watu wa pwani. Ikagonga mwamba, wakafa watu 32, na nahodha wake, aliyeondoka melini watu bado wamo, akahukumiwa miaka 16. Vyombo vyote vya kisasa alikuwa navyo. Sisi wenye simu na upondo tunaringia nini? Vijana wa siku hizi mnataka sifa kabla ya ujuzi, mnamtazama mzee mwenye kikoi mnaona mshamba. Mungu atusamehe, na mimi nimo.

Jedwali la maji la bandari lipo, lipige picha likae kwenye simu. Kama huna, kumbuka kwetu siku za bamvua maji yanajaa saa 10 au karibu yake, alfajiri na jioni, na yanakupwa saa 4. Kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Kwenye kina kidogo pita maji yakiwa yanajaa, siyo yanakupwa, ukikwama yatakuinua yenyewe. Jua liwe mgongoni kwako, ukitazamana nalo huoni rangi ya maji. Majaketi yavaliwe, si kubebwa. Na mtu wa upondo akisema umegusa, umegusa. Mengine nimeshasema.

Ami yupo, miguu haimruhusu tena. Hatujawahi kuizungumza siku ile. Nikimpelekea samaki ananiuliza tu, "Ulipita nje?"

Halafu mwezi uliopita simu ikaita, namba ya Dar. Ni yule shangazi. Ana binti mwingine anaolewa, na picha za fungu wanazitaka tena. Nilikaa kimya nikidhani ananitania. Akaniuliza maji siku hiyo yanajaa saa ngapi. Nikafungua jedwali, nikamwambia saa 10 na robo jioni, tutaondoka saa 8 mchana na kurudi kwa njia ya nje, chini ya hapo siwapeleki.

"Haya, saa 8," akasema. "Lakini hadithi za Wareno uziache nyumbani."